Makala ya ubwiriunga iliyorudishwa kwa sababu ya marejeo, kisa kimoja cha Mtwara

Makala ilirudi hata haijapelekwa kwa wapitiaji, wale wataalamu wanaoikagua kabla haijachapwa. Ni ya dada mmoja mtafiti wa hapahapa Mtwara, ameniruhusu nieleze kisa chake ila jina lake na la jarida tuyaache, na mada yenyewe ni ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu unaofanana na unga, kwenye mikorosho na namna wakulima wa Newala na Tandahimba wanavopuliza salfa. Barua ya ofisi ya mhariri ilikuwa ya mistari michache tu, wanasema hawawezi kuendelea kwa sababu kuna vyanzo havipatikani popote, namba za ndani ya matini haziendani na orodha ya mwisho, na DOI kadhaa, yaani zile namba za kudumu za makala mtandaoni, zikibonyezwa zinafungua makala nyingine kabisa. Kuhusu salfa hakuna neno, kuhusu takwimu hakuna neno. Kilichomuuma zaidi ni kwamba yeye na wenzake wawili, msimamizi wake na mtakwimu, walishakesha na hayo marejeo, wanabishana nukta ikae wapi, jina la jarida liwe italiki au lisiwe, mwaka uingie kwenye mabano au ukae mwishoni.

Mimi kabla sijagusa faili nikaingia kwenye tovuti ya jarida nisome maelekezo kwa waandishi, hiyo ndo hatua watu wengi wanairuka. Wao walikuwa wanafuata PDF ambayo msimamizi anayo kwenye laptopu yake toka enzi, na kwenye tovuti utaratibu ulishabadilika zamani. Kwa makala inayoingia mara ya kwanza jarida linakubali staili yoyote ilimradi iwe ileile mwanzo mpaka mwisho, kila chanzo kiwe na taarifa zake kamili, na DOI iwekwe kama ipo, hiyo staili yao ya namba wanainyoosha wenyewe makala ikishakubaliwa. Siyo jambo geni, majarida mengi sahivi yako hivo, Elsevier utaratibu huo wanauita Your Paper Your Way. Kwaiyo usiku wote ule walikuwa wanafanya kazi ambayo hakuna aliyewaomba, na ile waliyoombwa, yaani taarifa sahihi za kila chanzo, haikuguswa. Ni kama mtu anapuliza salfa kwenye majani makuukuu huku maua yanaungua pembeni, mfuko unaisha na ugonjwa uko palepale.

Mvurugano ulianzia kwenye tasnifu. Makala ilikatwa kutoka kwenye tasnifu yake ya uzamili ambayo iliandikwa kwa APA, jina na mwaka ndani ya mabano, wakati jarida linatumia Vancouver, ile staili ya namba iliyotokana na kikao cha wahariri wa majarida ya tiba kule Vancouver, Kanada, mwaka 1978. Kwenye staili hiyo chanzo cha kwanza kutajwa ni 1, kinachofuata 2, na orodha inafuata mtiririko huohuo wala haiangalii alfabeti. Sasa dada alibadilisha majina kuwa namba kwa mkono, moja moja, akamaliza vizuri tu. Alafu mtakwimu akaongeza sentensi mbili kwenye sehemu ya mbinu na chanzo kipya kimoja, akakipa namba ya mwisho kwenye orodha. Msimamizi akaona namba imeruka kutoka tisa kwenda sitini na kitu, akairekebisha iwe kumi na kwenye orodha akakisogeza chanzo hapo, ila kwenye matini alibadili ya pale tu, ile kumi ya zamani nayo ikabaki kumi. Baada ya hapo kila namba ikawa inamwelekeza msomaji kwa jirani. Sentensi inayosema salfa ipulizwe mikorosho inapoanza kuchanua ilikuwa inaelekeza kwenye makala ya bei na stakabadhi ghalani, na sentensi ya bei inaelekeza kwenye kitabu cha takwimu. Juu ya hilo kuna aya mbili zilifutwa ili makala isizidi idadi ya maneno, vyanzo vyake vikabaki kwenye orodha vinaning'inia bila kutajwa popote. Na jedwali nalo lina kanuni yake: chanzo ambacho kipo ndani ya jedwali peke yake kinapewa namba kufuata pale jedwali linapotajwa mara ya kwanza kwenye matini, siyo pale lilipobandikwa. Hiyo hawakuijua wote watatu.

Kilichonichekesha ni waandishi. Kwenye orodha kulikuwa na mtu anaitwa Kilimo W na mwingine anaitwa Tanzania B ya K. Nikakaa nikatafakari huyu Tanzania ni nani. Kumbe ni Wizara ya Kilimo na Bodi ya Korosho Tanzania! Wakati fulani dada aliwahi kutumia Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeo, na Zotero kwenye sehemu ya mwandishi ina vyumba viwili, jina la ukoo na jina la kwanza, taasisi ukiigawa humo programu inaichukulia kama binadamu, inashika neno la mwisho inalifanya ukoo, yanayobaki inayafupisha kuwa herufi. Dawa yake ni alama ndogo pembeni ya jina, unaibonyeza vyumba viwili vinakuwa kimoja, taasisi inakaa nzima. Wanaotumia BibTeX, ile ya marejeo ya watu wa LaTeX, wanafunga jina la taasisi kwa mabano ya mawimbi mara mbili, matokeo ni yaleyale.

Majina ya watu wetu nayo yana kazi. Tuseme mtu anaitwa Hamisi Saidi Issa, jina lake, la baba, la babu. Makala moja imemsajili kama Issa HS, nyingine Saidi HI, nyingine Hamisi SI kwa sababu mtu wa ofisi ya uchapishaji aliyajaza kichwa chini, na kwa kompyuta hao ni watu watatu. Kwenye tasnifu ya dada ya APA jambo hili lilikuwa limezaa vituko, programu ilidhani ni waandishi tofauti wenye ukoo mmoja ikawa inaongeza herufi za mwanzo kwenye kila mabano ili kuwatofautisha. Kanuni ni kwamba unaandika jina kama lilivochapwa kwenye makala husika, humbadilishii mtu jina, ila ndani ya maktaba yako mtu yuleyule akiwa ameandikwa kwa namna moja yenye nukta na nyingine bila nukta hapo unasafisha. Na kwa upande wa dada mwenyewe nilimwambia achague leo jina lake la uandishi litakuwa lipi, afungue ORCID, namba ya utambulisho ya mtafiti, maana huko mbele na yeye atanukuliwa na watu ambao hawajui kama kwao jina la mwisho ni la babu au la mume.

Vyanzo vya Kiswahili vilikuwa vinne hivi, miongozo ya ugani na ripoti, na vyote vilitoka na herufi kubwa kila neno, Mwongozo Wa Kilimo Bora Cha Zao La Korosho. Hii watu wanadhani ni bahati mbaya. Staili nyingi za Kiingereza zinakuza herufi za kila neno isipokuwa vile vineno vyao vidogo, na programu haijui kwamba wa, cha na la ni vineno vidogo kwetu. Kuna kisehemu cha lugha kwenye kila ingizo la Zotero, ukiandika sw hapo programu inaelewa kwamba hiki siyo Kiingereza, inaacha kichwa kama ulivokiandika. Alafu ukiandikia jarida la Kiingereza unaweka na tafsiri ya kichwa ndani ya mabano ya mraba ili mhariri aliyeko huko ajue anasoma nini.

Msimamizi naye alikuwa na yake, na mzee tunamheshimu kwaiyo nilieleza kwa upole. Aliona kwenye matini imeandikwa Oidium anacardii Noack, akasema huyu Noack katajwa na hayumo kwenye orodha, akamwingiza, mwaka 1898. Noack pale hajanukuliwa, ni mtu aliyekipa kimelea hicho jina, inaandikwa kama ile L. ya Linnaeus mwishoni mwa Anacardium occidentale, huwezi kumdai Linnaeus kwenye orodha kila ukitaja mkorosho. Ukitaka kuinukuu maelezo yake ya asili sawa, ila uwe umeyaona. Baada ya hapo ikaja hoja ya pili, kimelea chenyewe kilihamishiwa kwenye jina la Pseudoidium anacardii na Braun na Cook mwaka 2012, na mtakwimu kwa nia njema kabisa alifanya tafuta na badilisha kwenye faili zima, ikapita mpaka kwenye vichwa vya makala za miaka ya 1990. Kichwa cha makala ya mtu ni mali yake. Kwenye matini yako tumia jina jipya ukitaka, kwenye orodha kichwa kinabaki na Oidium yake kama kilivochapwa, la sivyo mtu akikitafuta hakipati.

Na majarida nayo yanabadilisha majina. Mambo mengi ya ubwiriunga Tanzania yaliandikwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, na baadhi yako kwenye Tropical Pest Management, ambalo kuanzia 1993 linaitwa International Journal of Pest Management. Ukifungua linki ya makala ya 1992 ukurasa unakuonyesha jina jipya juu kabisa, na ndivo walivoandika, jarida lenye jina la 1993 na mwaka 1992. Unaandika jina la siku ilipochapwa. Kama staili inataka kifupisho kuna kanuni ya kimataifa ya vifupisho vya majarida, ISO 4, na orodha yake ya maneno, hubuni tu kukata kata herufi, na jarida lenye jina la neno moja kama Nature halifupishwi hata kidogo.

Sasa tuje kwenye zile zisizopatikana, hapa ndo penye uzito. Zilikuwa za aina tatu na kila moja ilifika kwenye orodha kwa njia yake.

Ya kwanza ni ya kurithi. Ukisoma makala za korosho utakuta karibu wote wakieleza ugonjwa ulivoingia nchini wanamtaja Casulli 1979. Ile makala ni ya Kiitaliano, iko kwenye jarida la Italia la kilimo cha kitropiki, na dada hajawahi kuiona wala hasomi Kiitaliano, alikopi kutoka kwenye orodha ya mtu, ambaye huenda naye alikopi kwa mtu, na njiani tahajia ya kichwa ikapotea herufi na kurasa zikabadilika. Tabia hii ina ushahidi wake. Mwaka 2003 Simkin na Roychowdhury walifuatilia makosa ya uchapaji yanavorudiwa kwenye marejeo, makosa yaleyale kwa watu tofauti, wakakadiria kwamba karibu asilimia 20 tu ya wanaonukuu makala ndo waliosoma ile ya asili. Mimi siwalaumu sana watu wa huku, makala ya 1979 isiyo na DOI utaitoa wapi? Lakini kuna njia ya heshima, unasema Casulli ametajwa na fulani, na kwenye orodha unamweka huyo fulani uliyemsoma. Ndo tulichofanya.

Ya pili ilikuwa ya mzimu, na hii ina historia duniani. Walishusha kielelezo cha makala kutoka kwenye mtandao, ndani yake kuna mfano wa rejea ya Van der Geer, Hanraads na Lupton, mwaka 2000, inayohusu sanaa ya kuandika makala za kisayansi, ili kukuonyesha fomati tu. Makala hiyo haipo, haijawahi kuwepo, ni ya kubuni kwa ajili ya kielelezo. Lakini imenukuliwa karibu mara 400 kwenye makala za kweli, profesa Anne-Wil Harzing aliliandika hilo mwaka 2017 baada ya mwenzake Pieter Kroonenberg kushtuka. Watu wanasahau kuifuta, au wanaibandika mwisho wa sentensi inayosema kitu cha jumla. Kwa dada ilikuwa imekaa katikati ya orodha imetulia kabisa, ina namba yake.

Ya tatu ndo iliyoharibu. Mmoja wao, sitasema nani, aliiomba programu ya akili mnemba imtafutie vyanzo vya kuimarisha mjadala, ikampa, na vilikuwa vizuri kwa macho kuliko vile vya kweli. Majina ya ukoo ni ya watu wanaojulikana kwenye korosho, jarida lipo, mwaka unaingia akilini, na DOI imeanza na 10 na tarakimu za mchapishaji mwenyewe. Ukibonyeza inafungua makala ya wadudu wa pamba. Kinachotokea ni kwamba programu zile zinatunga mfuatano wa maneno unaofanana na rejea, hazijafungua kabati lolote, kwaiyo kila kipande kinaweza kuwa cha kweli na kizima kikawa uongo. Namna ya kuwakamata ni kwenda kwenye tovuti ya jarida lenyewe, fungua juzuu hilo, angalia mwaka wake na ukurasa huo una nini. Mara nyingi juzuu na mwaka tu vinakataana hapohapo. Nilimwambia dada atoe na zile sentensi zilizokuwa zinategemea vyanzo hivo, asitafute chanzo kingine cha kuzibia tundu, na alibisha kidogo, "Kaka lakini si hoja yenyewe ni ya kweli?" Inawezekana ni ya kweli. Ila haukuijua kwa kusoma, na mpitiaji akikuuliza umeitoa wapi utasema nini.

Kuna DOI ambazo zilikuwa sahihi ila zimeharibika njiani. Moja ilikuwa na nukta mwishoni kwa sababu walimalizia kama sentensi, nyingine imekatika mstari kwenye PDF ikapoteza nusu, na zile za Elsevier za miaka ya 1990 zina mabano katikati, mtu akadhani ni makosa akayafuta. Toka 2017 Crossref, shirika linalosajili DOI za wachapishaji, wanashauri uandike linki nzima kuanzia https://doi.org/ bila ile dx ya zamani. Wana na ukurasa wa kubandika orodha yako ukaletewa DOI za vyanzo vinavotambulika, ni bure, na kwa orodha ya namna hii inakuokolea siku.

Vya bila DOI tuliviacha bila DOI, ripoti za wizara na takwimu za serikali zinahitaji jina la taasisi, mwaka, kichwa, mahali, na linki yenye tarehe uliyoifungua kama ziko mtandaoni. Maelezo ya bwana shamba wa Kitangari aliyoyatoa kwa simu hayaingii kwenye orodha, yanatajwa ndani ya matini kwamba ni mawasiliano binafsi, na ruhusa yake iombwe. Wao walikuwa wamempa namba bwana shamba, na mwaka.

Ukarabati wenyewe hauna mengi. Tulifungua maktaba ya kikundi kwenye Zotero, wote watatu ndani, na masharti kwamba hakuna anayeandika namba kwa kidole. Kila chanzo chenye DOI kiliingizwa upya kwa kile kitufe cha fimbo cha Zotero, unabandika DOI taarifa zinajaa zenyewe, alafu kikalinganishwa na ukurasa wa kwanza wa PDF, maana hata taarifa za Crossref zinakuja jinsi mchapishaji alivozijaza, kichwa kizima herufi kubwa, mara ukurasa umekosekana. Majina ya kisayansi ndani ya vichwa yanawekewa alama za <i> na </i> ili yatoke italiki. Zotero pia inakupigia kelele kama makala imeshafutwa, inatumia hifadhidata ya Retraction Watch, wanaofuatilia makala zilizofutwa. Shida ilikuwa faili la Word, lilishapita kwa mtakwimu anayetumia programu nyingine ya kuandikia, na lilipohifadhiwa humo viunganishi vyote vikageuka maandishi ya kawaida, kwaiyo ilibidi kila rejea iunganishwe upya kwa kusoma sentensi na kuuliza hii inasema nini na nani kasema. Kazi ya kuchosha, ila ndo hapo namba za jirani zote zilipokamatwa.

Hii ilikuwa Mei 2024, na tarehe 12 nyaya za intaneti za baharini zilikatika, Mtwara mtandao ukawa wa kubahatisha. Msimamizi akapendekeza tumalizie kwa mkono tu tutume. Tukamwomba mzee asubiri, na Zotero inafanya kazi bila mtandao ilimradi vitu viko kwenye mashine yako, kinachosimama ni kusawazisha na wenzako, basi tukakubaliana laptopu ya dada ndo inabaki na faili, wengine wanatuma maoni. Staili ilichaguliwa siku ya mwisho, kubonyeza mara moja, Vancouver ikatokea yenyewe.

Makala ilipokelewa ikaenda kwa wapitiaji. Mmoja aliuliza viwango vya salfa kwa mti na kwa nini hawakutenganisha salfa ya unga na dawa za maji, maswali ya maana. Wa pili alisifu kidogo alafu akataka viongezwe vyanzo vitatu, vyote vya kundi moja la waandishi, viwili havihusu korosho wala ukungu. Dada akataka kuviweka vyote ili mambo yaishe. Tukavisoma. Kimoja kilikuwa na hoja kuhusu muda wa kupuliza, kikaingia, na kwa vile viwili akamwandikia mhariri kwamba amevipitia na havigusi sehemu yoyote ya matokeo yake. Kamati ya maadili ya uchapishaji, COPE, inakataza mpitiaji kupendekeza vyanzo kwa ajili ya kujiongezea idadi ya kunukuliwa, ila dada hakulitaja hilo, hakukuwa na haja ya kumtuhumu mtu. Mhariri alijibu kwamba sawa, viwili viachwe, na akaomba mchoro wa pili uchorwe upya kwa sababu rangi zake hazitofautiani zikichapwa nyeusi na nyeupe.